Uzi maalumu kwa wanaoanza kufuga samaki wa mapambo wa maji baridi: tayarisha maji kwanza, samaki wafuate

Mwanzisha uzi (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Uzi huu ni kwa ajili ya wanaotaka kuanza kufuga samaki wa mapambo wa maji baridi nyumbani, na hasa wale wanaotaka tangi moja lenye samaki wa aina mbalimbali wanaoishi pamoja kwa amani. Nauandika kwa kirefu kwa sababu kisa kilekile kinajirudia humu kila mara: mtu amenunua tangi Jumamosi, amelijaza maji ya bomba, ameweka samaki siku hiyohiyo, na kabla ya wiki ya pili kwisha nusu yao wamekufa, kisha muuzaji anamshauri anunue wengine. Samaki wale hawakuwa wagonjwa walipotoka dukani. Wameuawa na maji, na maji yale yangeweza kutayarishwa kwa gharama ndogo kama mnunuzi angeelezwa mapema.

Kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kazi ya kwanza ya anayeanza ni kulea maji mpaka yakomae, na kazi ya pili ni kuchagua samaki wanaoendana na maji yanayotoka kwenye bomba au kisima chake. Taa za rangi, meli za plastiki na mandhari ya karatasi nyuma ya kioo havina haraka.

Nieleze maana ya maji kukomaa, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotea. Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na mabaki ya chakula yanayooza huongeza amonia nyingine. Mtoni au ziwani amonia hiyo hutawanyika, lakini ndani ya tangi la lita 100 haina pa kwenda, nayo huunguza matamvua ya samaki hata ikiwa kidogo sana. Kinachowaokoa ni bakteria wanaoota juu ya sponji ya chujio, changarawe na kuta za tangi. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mradi isizidi, na ambayo wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba kundi la pili ni Nitrobacter, mpaka utafiti wa Timothy Hovanec na wenzake uliochapishwa mwaka 1998 ulipoonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi hiyo hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira. Bakteria hawa wote wana sifa moja inayomhusu kila anayeanza: huongezeka polepole mno. Bakteria wanaoozesha chakula huweza kujigawa ndani ya saa moja au pungufu, ilhali hawa huhitaji saa nyingi, pengine siku nzima. Ndiyo maana tangi jipya huchukua kati ya wiki 4 na 6 kukomaa, na hakuna namna ya kuwalazimisha.

Namna ya kufanya bila kumtesa samaki yeyote ni hii. Jaza tangi maji yaliyoondolewa klorini, washa chujio na pampu ya hewa bila kuzima usiku wala mchana, kisha kila siku weka chembe chache za chakula cha samaki, kana kwamba samaki wamo, au ning'iniza kipande cha nyama mbichi ya kamba wa baharini ndani ya kitambaa chepesi. Kadiri vitu hivyo vinavyooza, amonia hupanda. Baada ya siku kadhaa vipimo vitaanza kuonyesha nitriti, amonia itashuka, halafu nitriti nayo itashuka na nitrati itaonekana. Siku utakapopima ukaona amonia na nitriti zote ni sifuri ingawa jana uliweka chakula, na nitrati ipo, tangi limekomaa. Badilisha zaidi ya nusu ya maji, kisha ndipo uende dukani.

Njia moja tu ndiyo naikubali ya kufupisha safari hii, nayo ni kupata sponji iliyokwisha kutumika kutoka katika tangi la zamani la mtu unayemwamini, ambalo samaki wake ni wazima. Ifunge pamoja na maji yake ndani ya mfuko, isikauke, uiweke katika chujio lako siku hiyohiyo. Kipande cha ukubwa wa kiganja nakithamini kuliko chupa nyingi za bakteria ambazo zimekaa rafu ya dukani kwenye joto kwa muda usiojulikana.

Sasa vifaa, na hapa nitapita haraka. Nunua tangi kubwa kadiri uwezo na nafasi vinavyoruhusu, kwa sababu maji mengi hubadilika taratibu na hukupa muda wa kurekebisha jambo, wakati bakuli la kioo la lita 5 huharibika kwa usiku mmoja. Nisingependa mtu aanze na tangi chini ya lita 60. Ukimtumia fundi wa vioo, tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 lina ujazo wa lita 112. Mwambie atumie kioo cha milimita 6 na si chini ya hapo, na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kisha liache wazi siku kadhaa mpaka harufu kali ya silikoni iishe kabisa. Tangi hilo likijaa, pamoja na changarawe, hukaribia kilo 140, kwa hiyo meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Liweke mahali pasipopigwa na jua la dirishani. Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linatosha kabisa kwa anayeanza, na ni rahisi kutunza kuliko mashine za bei kubwa. Usilioshe kamwe kwa maji ya bomba: likamue ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa tangini, kwani klorini itawaua bakteria uliowasubiri mwezi mzima.

Kuhusu klorini yenyewe, maji ya bomba ya mijini hutiwa dawa ili tusiugue, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiyaacha maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, hasa ukiweka kijiwe cha hewa ndani. Kloramini haitoki kwa njia hiyo. Hiyo inahitaji dawa ya dukani ya kutayarishia maji. Uliza mamlaka yako ya maji inatumia ipi.

Jambo la mwisho kwa leo ni ugumu wa maji. Sabuni ya mche isiyotoa povu na magamba meupe ndani ya birika ni dalili kwamba maji yako ni magumu, yaani yana madini mengi ya chokaa. Maji ya visima vingi vya pwani yako hivyo. Usipambane nayo kwa kemikali za kushusha pH, yaani kipimo cha asidi au alkali ya maji. Chagua samaki waliozaliwa kwa maji ya aina hiyo. Na kabla hujaweka mawe au changarawe yoyote, idondoshee siki: ikitoa povu ina chokaa, na itazidi kuyafanya maji kuwa magumu. Watu wa pwani tunapenda kupamba tangi kwa vipande vya matumbawe na makombe, bila kujua kwamba tunabadilisha maji kila siku.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mchangiaji (Nairobi)

Asante sana kaka kwa uzi huu. Naomba kuongeza upande wetu, kwa sababu mtu wa Nairobi akifuata ushauri wa Dar es Salaam neno kwa neno anaweza kupotea. Maji yetu ya bomba yanayotoka Ndakaini na Sasumua, kwenye milima ya Aberdare, ni laini, na sabuni hutoa povu bila shida. Maji haya yanawafaa neoni tetra, koridora na samaki wengi wa asili ya Amerika Kusini. Ila mwenye nyumba ya maji ya kisima kirefu apime upya, kwa sababu hayo ni maji tofauti kabisa.

Tatizo letu ni baridi. Mwezi wa Julai usiku joto la nje hushuka karibu na nyuzi 10 au 12, na tangi lisilo na hita hupoa mno kwa samaki wa kitropiki. Mimi huhesabu wati 1 kwa kila lita, na nafunga kipimajoto upande ulio mbali na hita ili nijue joto limefika kote. Nyuzi 24 hadi 26 zinatosha tangi la mchanganyiko. Anayetaka kuanza bila hita afuge danio wenye mistari, ambao huvumilia hata nyuzi 18, lakini asiwachanganye na gapi akitegemea wote watafurahia.

Mwanzisha uzi

Nyongeza ya msingi sana, na nashukuru kwamba umeitoa wewe unayeishi huko. Kwa sisi wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa hali ni kinyume. Hita hatuihitaji karibu mwaka mzima. Tunahangaika na joto la Januari na Februari, ambapo tangi lililo chini ya bati hupita nyuzi 30. Maji ya nyuzi 20 huweza kushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini ya nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu, na wakati huohuo mwili wa samaki katika joto unahitaji oksijeni zaidi. Ndiyo sababu samaki wanapanda juu na kuhema mchana. Ongeza mapovu ya hewa, fungua mfuniko, elekeza feni juu ya maji, na punguza idadi ya samaki.

Mchangiaji (Mbezi)

Mkuu, ninalo tangi la lita 112 kama ulilolitaja, na maji yangu ni ya kisima, hayatoi povu hata kidogo. Limekomaa wiki hii. Nipangie samaki tafadhali, na uniambie wa kuwakwepa.

Mwanzisha uzi

Kwa maji magumu na joto letu, msingi wa tangi uwe samaki wanaozaa watoto hai: plati, gapi, moli na mkia-upanga. Samaki hawa maji magumu ni ya kwao. Kwa lita 112 ningeanza na plati 6, madume 2 na majike 4, kwa sababu dume mmoja kwa jike mmoja humfukuza mpaka anachoka na kufa. Baada ya wiki mbili, vipimo vikiwa bado sifuri, ongeza gapi 6, wote madume. Nasema madume kwa makusudi: jike wa gapi huzaa takribani kila baada ya wiki 4, na huhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, hivyo hata ukimnunua peke yake utashangaa kuona watoto. Plati wako watakuzalia vya kutosha. Baada ya wiki nyingine mbili weka koridora 6 wa aina ya sterbai, ambao hustahimili joto kuliko wenzao wengi. Hao hukaa chini, wanahitaji mchanga laini usiokwaruza sharubu zao, na wanahitaji kundi. Koridora mmoja au wawili hujificha siku zote na hawaonyeshi tabia zao. Ila wape chakula chao kinachozama, maana wanaowanunua kama wafagiaji wa uchafu huwaua kwa njaa. Ongeza kidogo kidogo kila safari, kwa kuwa bakteria wako wanatosha samaki waliopo tu, na wanahitaji muda kuongezeka wakija wageni.

Wa kuwakwepa ni wengi, na karibu wote huuzwa wakiwa na urefu wa kidole. Oska hufika sentimita 30 na humeza chochote kinachoingia mdomoni. Pleko wa kawaida, anayeuzwa kwa jina la msafisha kioo, huweza kupita sentimita 30. Ukimtaka wa jinsi hiyo tafuta ankistrasi, anayeishia kama sentimita 12 au 15. Samaki wa dhahabu si wa tangi hili, kwa sababu hupenda maji ya ubaridi zaidi, hukua sana na huchafua sana. Beta dume humshambulia gapi dume akidhani ni mwenzake kwa sababu ya mkia mrefu. Samaki malaika ni mpole akiwa mdogo, lakini akikomaa anakula neoni. Na naomba sana, anayetaka kuweka kambare au sato mdogo aliyemnunua kwa mvuvi asifanye hivyo kwenye tangi la mchanganyiko.

Siku ya kuwaleta, acha mfuko uelee juu ya tangi dakika 15 au 20 ili joto lilingane, kisha ongeza maji yako ndani ya mfuko kidogo kidogo kwa nusu saa. Watoe kwa wavu. Maji ya duka yamwage chooni, usiyaingize tangini.

Mchangiaji (Mombasa)

Ndugu yangu, maji ya kisima chetu yana chumvi kabisa, mtu hawezi kuyanywa. Je, nisahau jambo hili?

Mwanzisha uzi

La, usisahau, ila chagua moli peke yake au moli na gapi. Moli huvumilia chumvi kuliko karibu samaki wote wa duka. Aina zao nyingine huishi hata kwenye milango ya mito baharini. Tetra na koridora hawatayavumilia maji hayo. Ukiwa na paa safi unaweza kukinga maji ya mvua na kuchanganya nusu kwa nusu na ya kisima, na hapo uchaguzi wako utapanuka. Usitumie maji ya mvua peke yake, kwani hayana madini ya kuizuia pH isishuke ghafla.

Mchangiaji (Mwanza)

Habari za humu. Mimi nimeona mimea mizuri ya majini kando ya ziwa, nikafikiri badala ya kununua ya plastiki nikaivune. Kuna ubaya? Na je, mimea inasaidia kweli au ni mapambo tu?

Mwanzisha uzi

Dada, au kaka, swali lako ni zito kuliko linavyoonekana, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Mimea hai inasaidia kweli. Hufyonza amonia na nitrati, huwapa samaki wadogo pa kujificha, na mchana hutoa oksijeni. Mmojawapo unaoota wenyewe katika maziwa na mabwawa yetu ni ule unaoelea wenye majani membamba kama sindano, ambao wataalamu huuita Ceratophyllum demersum. Hauna mizizi, hauhitaji udongo, hukua haraka, na kwa tangi jipya sioni mmea bora kuliko huo. Taa ya kawaida kwa saa 6 hadi 8 kwa siku inatosha. Ukizidisha utafuga mwani wa kijani juu ya vioo.

Ubaya upo kwenye kuuvuna. Kando ya Ziwa Viktoria, kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ndipo wanapoishi konokono wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus wanaobeba vimelea vya kichocho. Vimelea hivyo hutoka kwa konokono, huogelea, na huingia mwilini kupitia ngozi nzima isiyo na jeraha lolote. Kwa hiyo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni wewe kusimama majini ukivuna. Ya pili ni kumleta konokono mwenye vimelea nyumbani, akajificha kwenye majani, kisha wewe na watoto mkawa mnaingiza mikono tangini kila wiki. Vimelea vilivyokwisha kutoka kwa konokono hufa ndani ya siku mbili hivi visipompata mtu, lakini konokono aliyeambukizwa huendelea kuvitoa kwa wiki nyingi.

Ushauri wangu ni kupata mimea kutoka kwa mfugaji mwenzako ambaye matangi yake hayajawahi kuwekewa kitu cha ziwani. Hata hiyo ikague jani kwa jani, uondoe konokono na yale mafungu ya mayai yanayofanana na utelezi mgumu chini ya majani. Ikiwa umekwisha kuingia kwenye maji hayo mara nyingi, nenda kituo cha afya ukapimwe; dawa ya kichocho ipo na inafanya kazi.

Na kwa kuwa umetaja ziwa, niseme jambo la upande wa pili. Samaki au mmea usioutaka tena usiutupe mtoni, bwawani wala ziwani. Watu wa Mwanza wanajua kuliko mimi yaliyolipata ziwa hilo baada ya sangara kupandikizwa miaka ya 1950 na 1960, na baada ya magugu maji kuingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Mgawie mwenzako au urudishe dukani.

Mchangiaji (Kigoma)

Mkuu, sisi tunaishi kando ya ziwa ambalo Wazungu hulipa fedha nyingi kupata samaki wake wa mapambo. Kwa nini nisumbuke kutafuta gapi wa kigeni?

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Kigoma, nakuonea wivu, na nakubaliana nawe nusu. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za samaki wa ukoo wa sikilidi, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani. Hata kuhe mnayemkaanga, anayeweza kupita sentimita 60, ni ndugu wa hao wadogo wa rangi wanaosafirishwa nje. Ila hao si samaki wa tangi la mchanganyiko la anayeanza. Maji ya ziwa lenu yana pH inayokaribia 9 na madini mengi, na wengi wao hulinda eneo lao kwa ukali mkubwa. Neoni tetra akiwekwa humo hatamaliza wiki.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaijui. Amonia iko kwa sura mbili majini, moja yenye sumu kali na nyingine yenye sumu kidogo, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwa nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na sehemu yenye sumu kali isiyofika hata asilimia 1 ya amonia yote. Kwa pH 8 hufika kama asilimia 5. Kwa pH 9 huwa zaidi ya theluthi moja. Maana yake ni kwamba kosa dogo la kulisha kupita kiasi, ambalo kwa tangi la Nairobi lingepita bila madhara, kwa tangi la maji ya Tanganyika huua usiku huohuo. Tangi la namna hiyo lazima liwe limekomaa sawasawa.

Ukishazoea, fuga aina moja peke yake. Pendekezo langu ni wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, Neolamprologus multifasciatus, ambao hawazidi sentimita 4 au 5. Tandika mchanga, tawanya makombe mengi, na utaona ukoo mzima ukijenga mtaa wake, ukihamisha mchanga kwa mdomo na kulea watoto. Kuhusu kuwavua mwenyewe, waulize kwanza maofisa wa uvuvi wa eneo lako juu ya vibali, na ndani ya mipaka ya hifadhi za Gombe na Mahale usichukue kabisa.

Mchangiaji (Morogoro)

Umeme ukikatika kwa muda wa saa nane inakuwaje? Na kwenye chakula, viluwiluwi vya mbu vinafaa?

Mwanzisha uzi

Umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kuacha kulisha, kwa sababu chakula huongeza amonia wakati oksijeni inapungua. Kuna pampu ndogo za hewa zinazotumia betri. Kila mfugaji awe nayo moja. Ukiwa huna, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine kutoka juu, mara kadhaa kila baada ya nusu saa. Kumbuka kwamba bakteria wa chujio nao wanapumua, na ndani ya chujio lililofungwa na kuzimwa huanza kufa baada ya saa chache. Umeme ukirudi baada ya muda mrefu, usiwashe mara moja. Kamua sponji kwanza kwenye ndoo ya maji ya tangi, usije ukasukuma uozo wote kwa samaki.

Viluwiluwi ni chakula bora sana, mradi vitoke kwenye maji ya mvua uliyoyaweka mwenyewe na si kwenye mtaro, na uvichote vyote kila baada ya siku mbili ili usizalishe mbu kwa majirani. Kwa ujumla lisha mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki usilishe kabisa.

Mchangiaji (Dodoma)

Wakuu, naomba msaada wa haraka. Nimeusoma uzi huu nikiwa nimekwisha kuchelewa. Nimejaza tangi la lita 80 juzi na kuweka samaki 10 siku hiyohiyo. Leo maji yamekuwa meupe na samaki wawili wamekaa juu wanahema. Nimwage yote nianze upya?

Mwanzisha uzi

Pole sana ndugu yangu, na usimwage. Weupe huo ni bakteria wa kuoza walioongezeka kwa ghafla baada ya kupata chakula kingi. Hutoweka wenyewe kwa siku kadhaa, na ukimwaga yote utaanza tena kutoka sifuri.

Fanya hivi leo. Toa theluthi moja ya maji kwa mpira, ukinyonya uchafu ulio chini, na urudishe maji yasiyo na klorini yenye joto linalolingana. Kama huna dawa na huna maji yaliyolala, jaza ndoo sasa hivi uweke kijiwe cha hewa ndani, uyatumie kesho saa kama hizi, na leo ongeza mapovu tangini kadiri pampu inavyoweza. Pima amonia na nitriti. Kila siku utakapoona mojawapo imefika miligramu 0.5 kwa lita au zaidi, badilisha maji tena kiasi hichohicho. Jiandae kufanya hivyo kwa wiki kadhaa. Nitriti ikionekana, chumvi kidogo ya mezani isiyo na madini joto, gramu 1 kwa kila lita 10, husaidia kuizuia isiingie kwenye damu ya samaki. Ukimpata mtu Dodoma mwenye tangi la zamani, muombe kipande cha sponji leo. Ikiwezekana, duka likukubalie urudishe nusu ya samaki.

Chakula usiweke mpaka keshokutwa. Andika hapa usiku majibu ya vipimo, aina za samaki ulionao, na kama maji yako ni ya bomba au ya kisima.